Kutoka Kiki hadi Selfu: Historia ya Kuwasha Skuta na Hitilafu za Umeme Wake

Skuta iliyogoma kuwaka hutazamwa kwa mambo matatu: cheche, mafuta na mgandamizo. Kama plagi inatoa cheche kwa wakati wake, petroli inafika kwenye silinda na pistoni inabana hewa ipasavyo, injini haina sababu ya kukataa. Kanuni hii ni ya zamani kuliko skuta yenyewe, na mpaka leo haijabadilika. Kilichobadilika ni mahali hitilafu ya umeme inapojificha. Katika umri wa chombo hiki, unaozidi miaka mia moja, kila uvumbuzi uliokusudiwa kumaliza tabu ya kuwasha uliiondoa mahali pamoja na kuipeleka pengine: kutoka kwenye platini hadi kwenye kisanduku kilichozibwa, kutoka kwenye mguu wa dereva hadi kwenye betri, na kutoka mikononi mwa mwenye chombo hadi kwenye karakana yenye kompyuta.

Cheche isiyotegemea betri

Injini ndogo za mwanzo za petroli zilisumbuliwa sana na umeme wa kuwashia. Betri za mwisho wa karne ya 19 zilikuwa nzito, zilimwaga asidi na ziliishiwa nguvu njiani. Mwaka 1897 karakana ya Robert Bosch mjini Stuttgart, Ujerumani, ilifunga magneto kwenye chombo cha magurudumu matatu cha De Dion-Bouton. Magneto ni jenereta ndogo inayotumia sumaku za kudumu: injini ikizunguka, umeme unazalishwa, injini ikisimama, umeme unakoma. Mwaka 1902 mhandisi wa Bosch, Gottlob Honold, alikamilisha magneto ya volti kubwa iliyofanya kazi pamoja na plagi. Tangu hapo injini ndogo iliweza kujitengenezea cheche bila kubeba betri.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuiunganisha magneto na gurudumu tegemeo la injini, ambalo mafundi huliita flaiwili. Badala ya kufunga kifaa cha pekee chenye gia zake, sumaku zilipachikwa ndani ya flaiwili, na koili zikawekwa kwenye sahani isiyozunguka iliyo katikati. Kampuni ya Villiers ya Uingereza iliuza injini nyingi za namna hiyo kuanzia miaka ya 1920, na mpangilio huo ukawa wa kawaida katika injini ndogo za mapigo mawili.

Wakati huo skuta zilikwisha kuonekana. Autoped ilianza kutengenezwa New York mwaka 1915, na Skootamota ya Uingereza ikafuata mwaka 1919. Zote zilivuma kwa muda mfupi zikapotea. Miaka ya 1930 Wamarekani walizifufua kupitia kampuni za Salsbury ya California na Cushman ya Nebraska. Cushman ilifika hadi kuunda skuta ya kudondoshwa kwa parachuti pamoja na askari wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hata hivyo, skuta iliyoenea duniani kote ilizaliwa Italia baada ya vita hivyo.

Pontedera na flaiwili yenye kazi tatu

Kiwanda cha Piaggio mjini Pontedera, katika mkoa wa Toscana, kilikuwa cha ndege, na vita vilipokwisha kilikuwa kimebomolewa kwa mabomu. Enrico Piaggio alitaka bidhaa rahisi ambayo Mwitaliano wa kawaida angeweza kuinunua. Kazi ya kuibuni alimpa Corradino D'Ascanio, mhandisi aliyejulikana kwa helikopta na ambaye hakuzipenda pikipiki. Aliziona ni chafu, ngumu kupanda na zenye tabu tairi likipasuka. Hataza ya Vespa iliwasilishwa mjini Florence tarehe 23 Aprili 1946. Mwaka huo wa kwanza zilitengenezwa skuta 2,484. Kufikia 1956 idadi ilikwisha kupita milioni moja.

Vespa ya kwanza ilikuwa na injini ya mapigo mawili ya sentimita za ujazo 98, iliyofunikwa kwa bati upande wa kulia wa gurudumu la nyuma. Kwa kuwa injini iliyofunikwa haipati upepo wa safari, ilihitaji feni. D'Ascanio aliipa flaiwili kazi tatu kwa pamoja: kuitunzia injini mwendo wake, kuzalisha umeme kwa sumaku zilizo ndani yake, na kupuliza hewa kwenye silinda kwa mapezi yaliyo juu yake. Mwaka 1947 Ferdinando Innocenti alianza kutengeneza Lambretta katika eneo la Lambrate, Milano, nayo ikitegemea magneto ya flaiwili.

Mpangilio huo ulikuwa na faida na gharama zake. Faida ni kwamba skuta isiyo na betri haikuweza kulazwa na betri. Chombo kilichokaa ghalani miezi sita kiliweza kuwaka kwa kiki chache, mradi petroli iwe safi. Gharama ni kwamba sehemu zote nyeti za umeme zilikaa mahali pamoja, chini ya flaiwili, jirani na joto, vumbi na oili ya kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni.

Platini, kondensa na plagi

Hitilafu nyingi za skuta za miaka ya 1940 hadi 1970 zilianzia kwenye platini. Hivi ni vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana kila kranki inapozunguka. Vikigusana, umeme hupita kwenye koili ya msingi. Vikiachana ghafla, usumaku wa koili huanguka na koili ya pili yenye nyuzi nyingi hutoa maelfu ya volti zinazoruka kwenye plagi. Pembeni ya platini hukaa kondensa, kopo dogo linalomeza umeme unaotaka kuruka kati ya platini wakati zinafunguka.

Uwazi wa platini zinapofunguka kabisa ulitakiwa uwe takriban milimita 0.4. Ukizidi, koili haipati muda wa kutosha wa kujaa. Ukipungua, platini huungua na cheche hudhoofika. Uwazi huo pia uliamua wakati wa cheche, kwa hiyo platini zilizolika zilichelewesha au kuwahisha moto hata kama kila kitu kingine kilikuwa sawa. Watengenezaji walilijua hilo, ndiyo maana flaiwili ya Vespa iliachiwa dirisha ambalo bisibisi na geji ya unene viliweza kupita bila kuifungua.

Fundi mzoefu alisoma platini kama daktari asomavyo ulimi wa mgonjwa. Zikiwa za kijivu na laini, ni nzima. Zikiwa zimechimbika upande mmoja na kuota kinundu upande wa pili, au zikirusha cheche kubwa za buluu injini inapozunguka, kondensa imekufa. Zikiwa na utando mweusi wa oili, tatizo halikuwa la umeme hata kidogo: sili ya kranki upande wa flaiwili ilikuwa inavuja, na kusafisha platini kwa msasa kungesaidia siku chache tu.

Jaribio la cheche lilikuwa rahisi kiasi cha kufanywa na dereva mwenyewe kando ya barabara. Plagi ilifunguliwa, ikarudishwa kwenye kofia ya waya wake, nyuzi zake zikagusishwa kwenye bodi ya injini, kisha kiki ikapigwa. Cheche ya buluu yenye mlio ilimaanisha umeme upo. Cheche nyembamba ya njano au nyekundu ilimaanisha udhaifu. Kukosekana kwa cheche hakukumaanisha mara moja kwamba koili imeungua. Kwanza ilijaribiwa plagi nyingine, kisha waya wa kuzimia injini ukachomolewa. Katika magneto injini huzimwa kwa kuupeleka umeme wa koili kwenye bodi. Basi waya huo ukichubuka popote na kugusa chuma, skuta inakuwa imezimwa daima bila mtu kugusa swichi.

Plagi yenyewe ilikuwa chanzo kingine kikubwa cha kusimama njiani. Vespa za mwanzo zilitumia petroli iliyochanganywa na oili kwa asilimia 5. Oili hiyo haikuungua yote, na masizi yalijenga daraja kati ya ncha mbili za plagi, zenye nafasi ya takriban milimita 0.6. Kipande cha kaboni kisichozidi unene wa unywele kilitosha kuizima injini. Dereva makini alibeba plagi ya akiba na spana yake. Injini zilipoboreshwa kuelekea miaka ya 1960 na mchanganyiko kushuka hadi asilimia 2, tatizo lilipungua sana.

Taa nazo zilikuwa na tabia zake. Umeme wake, wa volti 6 katika skuta nyingi, ulitoka moja kwa moja kwenye magneto, kwa hiyo taa zilififia skuta iliposimama na kung'aa dereva alipovuta moto. Mfumo haukuwa na kidhibiti: watengenezaji walipima koili na balbu zilingane. Balbu moja ikiungua, umeme uliobaki uligawiwa zilizosalia, nazo zikaungua kwa zamu. Katika baadhi ya modeli taa ya breki iliunganishwa kwenye njia ya umeme wa cheche. Balbu ya nyuma ikiungua, injini ilikohoa au kuzima kila dereva alipokanyaga breki. Mtu asiyeijua siri hiyo angeweza kufungua kabureta mara kadhaa bila mafanikio.

Mipaka ya magneto ilionekana wazi Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa kundi la Mods walipozijaza Lambretta na Vespa zao vioo na taa za mapambo, nyingine zikiwa na zaidi ya taa kumi mbele. Magneto ya wati chache haikuweza kuziwasha zote kwa pamoja, na nyingi zilibaki mapambo tu.

Mguu, kamba na springi

Kiki ilikuwa njia kuu ya kuwasha tangu mwanzo. Wenzo wa chuma uliokanyagwa kwa mguu ulizungusha gia, gia zikazungusha kranki, na flaiwili ikapata kasi ya kutosha kutoa cheche. Skuta zenye gia za mkono zilikuwa na njia ya pili: kuiweka gia ya pili, kubana klachi, kusukuma, kisha kuachia klachi ghafla. Gurudumu lililazimisha injini kuzunguka. Njia hiyo iliwaokoa wengi waliovunjikiwa wenzo wa kiki au waliochakaza meno ya gia yake.

Si kila mtengenezaji aliridhika na kiki. Mwaka 1953 Innocenti ilitoa Lambretta 125 E, modeli ya bei nafuu iliyowashwa kwa kuvuta kamba, kama zifanyavyo injini ndogo za boti. Gharama ya utengenezaji ilipungua, lakini wateja hawakuikubali: kamba zilisumbua, na kuinama kando ya skuta barabarani hakukuwa na heshima waliyoitafuta kwenye chombo hicho. Modeli ya F iliyoifuata ilirudishiwa kiki.

Jaribio jingine lilifanyika Japani miaka zaidi ya ishirini baadaye. Honda Roadpal ya 1976, chombo cha sentimita za ujazo 50 kilichotangazwa na mwigizaji Sophia Loren, kiliwashwa kwa springi. Mwendeshaji alikanyaga pedali mara kadhaa kuikaza springi, kisha akaiachia izungushe injini. Lengo lilikuwa wanawake wa nyumbani ambao hawakutaka kupiga kiki, katika chombo ambacho bei yake isingebeba betri kubwa na mota. Ubunifu huo uliuza vizuri, lakini mota za umeme ziliposhuka bei ulisahauliwa.

Wajerumani na mota ya kuwashia

Ujerumani ya miaka ya 1950 ilichagua njia tofauti. Skuta zake zilikuwa nzito, zenye injini kubwa zaidi, na ziliuzwa kwa watu waliokuwa wakingoja uwezo wa kununua gari. Wateja hao walitaka starehe za gari. Zündapp Bella, Heinkel Tourist na NSU Prima zilipata mota ya umeme ya kuwashia. Nyingi zilitumia kifaa kimoja chenye kazi mbili, kilichoitwa Dynastart: kilipopewa umeme wa betri kilizungusha kranki, na injini ikishawaka kiligeuka jenereta na kuirudishia betri umeme. Volti 12 zilizohitajika zilipatikana kwa kawaida kwa kuunganisha betri mbili za volti 6. Japani nayo haikuwa nyuma, kwani Honda Juno ya 1954 ilikuwa na mota ya kuwashia.

Hapo ndipo hitilafu ya skuta ilipohama kwa mara ya kwanza. Injini hizi zilichukua umeme wa cheche kutoka kwenye betri. Betri ikifa, si mota tu iliyoshindwa kuzunguka. Hata cheche ilikosekana. Betri ya risasi na asidi inayokaa bila kuchajiwa hufunikwa na salfeti kwenye sahani zake na kupoteza uwezo. Mmiliki aliyeiacha skuta majira yote ya baridi aliikuta imelala, wakati jirani yake mwenye Vespa ya magneto alipiga kiki na kuondoka. Dynastart nayo ilikuwa na brashi za kaboni zilizolika na kuhitaji kubadilishwa. Skuta hizo zilithaminiwa kwa uimara, lakini soko la Ujerumani lilipoanza kuhamia kwenye magari mwishoni mwa muongo huo, nyingi hatimaye ziliacha kutengenezwa, na wazo la kuunganisha mota na jenereta likawekwa kando kwa miaka mingi.

Kisanduku kilichozibwa

Platini zilianza kuondoka mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1969 pikipiki ya Kawasaki H1 ilitoka na mfumo wa elektroniki wa CDI, ambao mafundi wa Afrika Mashariki huutaja kwa herufi zake, sidiai. Katika mfumo huu koili moja chini ya flaiwili hujaza kapasita kwa mamia ya volti. Koili nyingine ndogo hutambua wakati sahihi na kuamuru swichi ya elektroniki ipitishe umeme. Kapasita hujimwaga ghafla kwenye koili ya plagi. Hakuna vipande vinavyogusana, kwa hiyo hakuna kinacholika.

Upande wa skuta, Lambretta ilitoa toleo la elektroniki la modeli yake ya mwisho, muda mfupi kabla Innocenti haijaacha kuzitengeneza mwaka 1971. Vespa Rally 200 ya 1972 ilikuwa Vespa ya kwanza kuwa na mfumo huo. Mwaka 1976 ikafuata Vespa 125 Primavera ET3, ambayo herufi E katika jina lake ilisimama badala ya elektroniki. Modeli ya P200E ya mwishoni mwa miaka ya 1970 iliupeleka mfumo huo kwa wateja wengi zaidi.

Faida zilikuwa kubwa. Cheche ilikuwa kali hata flaiwili ilipozunguka polepole, plagi zilidumu, na wakati wa cheche ukishapangwa haukubadilika. Lakini sidiai ilileta hitilafu ya aina mpya. Platini hufa polepole na kutoa dalili wiki kadhaa kabla. Sidiai mara nyingi hufa ghafla, na kisanduku kimejazwa gundi ngumu, hakifunguki. Hakuna msasa wala bisibisi inayokitibu. Mafundi wengi walikipima kwa njia moja tu, kuazima kisanduku cha skuta nzima na kujaribu. Tahadhari mpya nayo ilizuka. Jaribio la cheche la zamani halikutakiwa kufanywa na plagi iliyoning'inia bila kugusa bodi, kwa sababu umeme uliokosa njia uliweza kukiunguza kisanduku chenyewe.

Hitilafu mbili zilijulikana hasa katika Vespa za kipindi hicho. Ya kwanza ni koili ndogo ya kutambua wakati iliyokatika ndani: injini iliwaka vizuri asubuhi, ikazima ikishapata moto, ikagoma, kisha ikawaka tena baada ya nusu saa ya kupoa. Madereva wengi walidhani ni kabureta. Ya pili ni waya zilizotoka kwenye sahani ya koili. Ngozi yake ya mpira ilikauka kwa joto na oili hadi ikakatika vipande vipande kwa kuguswa, zikabaki shaba tupu zinazopigana shoti. Dawa ilikuwa kufungua flaiwili na kubadilisha waya zote, kazi ya kuchosha lakini ya bei ndogo, na skuta nyingi zilizohesabiwa mbovu zilifufuka kwa njia hiyo.

India, Zanzibar na bajaji

Wakati Ulaya ikibadilisha mifumo, teknolojia ya zamani iliendelea kuishi India. Bajaj Auto ilianza kutengeneza Vespa kwa leseni ya Piaggio mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leseni ilipokwisha mwaka 1971, kampuni hiyo iliendelea na mashine ileile ya asili kwa jina la Chetak, farasi wa mfalme Maharana Pratap. Kwa miongo mitatu Chetak ilikuwa chombo cha familia ya tabaka la kati.

Chetak iliacha ishara moja iliyokumbukwa na Wahindi wengi: dereva huiinamisha skuta upande wake, huiacha kidogo, huiinua, kisha hupiga kiki. Maelezo ya kitendo hicho yamo kwenye mafuta, si kwenye umeme. Kuiinamisha huibabaisha boya ya kabureta na kuongeza petroli inayofika kwenye injini baridi. Ilisaidia kweli pale mafuta yalipopungua au kabureta ilipochafuka. Lakini wengi waliifanya kila asubuhi bila kujali, na pale tatizo lilipokuwa plagi yenye masizi, petroli ya ziada iliilowanisha plagi na kuzidisha ugonjwa.

Urithi huo unaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Chombo cha magurudumu matatu kinachobeba abiria Dar es Salaam na miji mingine kimepata jina la bajaji kutokana na kampuni hiyohiyo, na asili yake ni Ape ya Piaggio, ndugu wa Vespa mwenye magurudumu matatu. Bajaji za zamani ziliwashwa kwa kuvuta kwa mkono wenzo uliokaa sakafuni, ambao ni kiki iliyohamishwa kutoka mguuni. Selfu, yaani mota ya umeme ya kuwashia, ilikuja baadaye.

Zanzibar nayo ina historia ndefu ya Vespa, na Unguja ni kawaida kusikia skuta ya aina yoyote ikiitwa vespa. Hewa ya bahari huongeza sura yake kwenye hitilafu za umeme. Chumvi na unyevu hufanya kutu ya kijani kwenye ncha za shaba na kwenye viungo vya waya vinavyokutana na bodi. Umeme ukikosa njia safi ya kurudia, taa hufifia, honi hukauka sauti na cheche hudhoofika, ingawa kila kifaa ni kizima kikipimwa peke yake. Ndiyo maana katika miji ya pwani kukwangua viungo vya bodi na kuvipaka grisi hutangulia kununua kipuri.

Selfu kwa kila mtu

Mageuzi makubwa ya kuwasha yalifuata skuta za mkanda na klachi ya kujiendesha, zilizoenea kutoka Japani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Zilikuwa nyepesi, zenye mabodi ya plastiki, na hazikuhitaji kubadilisha gia. Piaggio ilizifuata, na mwaka 1996 Vespa ET4 ilileta mkanda, injini ya mapigo manne na selfu katika jina la zamani.

Klachi hizi hushika tu injini ikiwa na kasi. Gurudumu likisukumwa haliwezi kuizungusha injini iliyosimama, hivyo ile njia ya kusukuma skuta ikafa papo hapo. Kwa sababu hiyo watengenezaji waliacha kiki pembeni ya selfu kwa miaka mingi, kama akiba.

Skuta ya selfu inapogoma, uchunguzi huanza na swichi za usalama wa dereva. Skuta za mkanda hazizungushi mota mpaka breki ivutwe, ili zisiruke mbele zinapowaka. Swichi ndogo ya breki iliyojaa vumbi huweza kuifanya skuta nzima ionekane imekufa. Kuvuta breki ya upande wa pili mara nyingi humaliza mjadala. Swichi ya stendi ya pembeni hufanya vivyo hivyo katika zile zilizo nayo. Baada ya hapo husikilizwa rilei, swichi ya umeme inayoiwasha mota. Kimya kabisa huashiria fyuzi, swichi au waya. Mlio wa "tik" bila mota kuzunguka mara nyingi huashiria betri dhaifu au vichwa vya betri vilivyolegea. Mota inayozunguka kwa kasi bila kuigeuza injini huashiria gia ya kuunganisha iliyochakaa.

Mita hutoa jibu la mwisho. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban volti 12.6 ikiwa imepumzika; ikisoma 12 au chini, imekaribia kuisha. Injini ikiwaka na kupewa moto kidogo, usomaji unapaswa kupanda hadi karibu 14. Ukibaki palepale, betri haichajiwi, na kununua betri mpya ni kupoteza fedha: nayo itaisha ndani ya siku chache. Ukipanda kupita 15, kidhibiti kimeharibika na balbu zitafuata.

Kompyuta, ufunguo na kurudi kwa wazo la zamani

Sheria za moshi, hasa za Ulaya, zilisukuma kabureta pembeni. Katika mfumo wa sindano, pampu ya umeme husukuma petroli na kompyuta huamua kiasi chake na wakati wa cheche. Vyote viwili vinahitaji betri hai, hivyo kiki ilipoteza maana na kuondolewa katika skuta nyingi. Badala yake dashibodi ilipata taa ya hitilafu, na karakana zikapata kifaa cha kusoma maneno ya kompyuta.

Ulinzi dhidi ya wizi uliongeza ugumu wake. Skuta kadhaa za Piaggio, zikiwemo Vespa, zilitolewa na ufunguo mkuu wa rangi ya kahawia wenye chipu, pamoja na ufunguo wa buluu wa matumizi ya kila siku. Ufunguo mkuu ndio uliosajili funguo mpya. Aliyeupoteza, kisha akaharibikiwa na ule wa buluu, aliweza kulazimika kubadilisha kompyuta ya injini, ingawa plagi, koili na betri vilikuwa vizima.

Wakati huohuo wazo la Wajerumani wa miaka ya 1950 lilirudi. Honda PCX, iliyoingia sokoni kuelekea 2010, ilitumia jenereta iliyo kwenye kranki kama mota ya kuwashia, ili iweze kujizima kwenye foleni na kuwaka kimyakimya dereva anapoongeza moto. Tofauti na Dynastart, haina brashi za kulika, na kazi yake huamuliwa na elektroniki.

Hatua ya mwisho imeiondoa injini yenyewe. Peugeot iliuza Scoot'Elec ya betri kuanzia 1996, Gogoro ya Taiwan ilianzisha skuta za kubadilisha betri vituoni mwaka 2015, Vespa Elettrica ikatoka Pontedera mwaka 2018, na jina la Chetak likarudi India mwaka 2020 kwenye skuta ya umeme. Hazina plagi, platini wala kabureta. Hata hivyo, nyingi hubaki na mkondo mdogo wa volti 12 unaoendesha taa, swichi na kompyuta, na ukikatika huo, skuta yenye betri kubwa iliyojaa haiwezi kusogea. Kwa hiyo aliyesimama kando ya skuta iliyogoma, iwe ya 1950 au ya mwaka huu, afuate utaratibu uleule uliowasaidia mafundi wa zamani: aanze na kisichogharimu kitu, yaani swichi, fyuzi, vichwa vya betri na viungo vya bodi, na kipuri kipya kiwe cha mwisho.